Sahihi ya Upande wa Pili

1

Wanafunzi wangu walirudi kutoka kwenye mauaji saa nne na dakika kumi asubuhi, na wa kwanza kufumbua macho aliuliza kama kantini bado wana sambusa.

Miaka tisa ya kufundisha semina ya Vita vya Ndugu imenionyesha kwamba njaa hurudi kabla ya aibu. Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja amebandika utepe mwembamba nyuma ya sikio, na kwa dakika ishirini na mbili wote walikuwa wameishi ndani ya mwanamke mmoja, siku ambayo wanaume wenye mapanga walipita kijijini kwake. Waliona alichoona, wakanusa alichonusa. Maumivu yake waliyapata kwa theluthi moja tu. Chuo kilipiga marufuku zaidi ya hapo tangu kijana mmoja alipouma meno hadi mawili yakavunjika.

"Kali hii," alisema Elikana, yule wa sambusa. "Ya wiki iliyopita cha mtoto. Mwalimu, tunaweza kurudia pale mlangoni?"

"Hapana."

"Pale tu anapoingia yule wa kwanza, kabla hajaanza ku—"

"Elikana, nimesema hapana."

Msichana wa mstari wa nyuma alitapika ndani ya ndoo. Tuna ndoo maalumu kwa kazi hiyo, ya bluu, imeandikwa namba na jina la Idara ya Historia, na wanafunzi hupokezana zamu ya kuisuuza. Wenzake wakamcheka. Nikasikia kinyaa, na hakikuwa cha matapishi.

Mezani kwangu kulikuwa na fomu inayosubiri sahihi. Watoto wa Usewa, nchi yetu, huijua fomu hii tangu shule ya msingi. Vita vilipokwisha, miaka ishirini na tisa iliyopita, wakuu wa Mlima na wakuu wa Ziwa walikubaliana kwamba hakuna shule itakayofundisha kilio cha upande mmoja. Kwa kila marehemu wa Mlima anayesikika darasani, asikike mmoja wa Ziwa. Kwa kila muuaji wa huku, muuaji wa kule. Kwa kila mwema aliyeficha jirani yake, mwema. Hiyo ndiyo Sheria ya Mizani. Na ili pasiwe na hila, ushahidi wa Ziwa hauingii kwenye mtaala wa taifa mpaka mwalimu wa Mlima akae nao semina nzima, kisha atie sahihi mbele ya wanafunzi. Ushahidi wa Mlima nao hutiwa sahihi na mwalimu wa Ziwa. Mimi, Kalunde, ni wa Mlima. Nilikuwa nimeshatia sahihi mia tatu na kumi na moja, na kila moja niliitia nikijiona mjenzi wa amani.

Siku hiyo kalamu ilinigomea.

Nami nilikuwa nimevaa utepe, kama sheria inavyotaka. Nilikuwa ndani ya yule mwanamke pamoja nao. Shemeji yake alikuwa amekatwa, amelala kwenye mkeka, hapumui tena. Wauaji walikuwa wamehamia nyumba ya pili, zinasikika kelele. Mtu mwingine yeyote angekimbia. Yeye alikwenda jikoni, akaipua chungu cha mahindi, akainama, akalishika figa moja kati ya matatu kwa mikono mitupu, likiwa jekundu kwa moto, akalibeba hadi nje na kuliweka kando ya mlango. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye jiwe. Ndipo akakimbia.

Wanafunzi waliona ushujaa, au wazimu. Ni watoto wa mjini, wamekulia kwenye majiko ya gesi, mafiga wameyaona kwenye picha. Mimi niliona jambo jingine. Kwetu Mlimani mtu akifa nyumbani, figa moja hutolewa nje ili moto usiwashwe mpaka azikwe. Watu wa Ziwa wana desturi iliyo kinyume kabisa. Moto wa msiba kwao hauzimwi siku saba, huchochewa kwa zamu, na kuligusa figa siku hizo ni kuita kifo cha pili. Mtoto wa Ziwa wa miaka sita anajua. Mwanamke wa Ziwa, hata akichanganyikiwa kwa hofu, asingefanya vile.

Tena niliitambua mikono. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Mikono ile iliniogesha mpaka nilipoanza shule.

Lakini fomu ilisema: Shahidi, Bibi Ndimbumi wa kijiji cha Ilondo, Ziwa.

Wengine wakatoka kutafuta sambusa. Akabaki Tunsume, mwanafunzi wangu bora, utepe bado uko nyuma ya sikio, machozi yanamchuruzika bila yeye kuyafuta. Bibi Ndimbumi alikuwa bibi yake mzaa baba. Alifariki Tunsume akiwa na miaka tisa, na Ghala la Ushahidi lilikuwa limechukua miaka hiyo yote kumfikia.

"Nilikuwa na mikono yake, Mwalimu," alisema. "Nyumbani tulimjua kama mtu wa kununa tu. Baba alikuwa akimwogopa. Kumbe alibeba vile." Akanitazama kwa furaha ambayo sitaisahau. "Asante kwa kukubali kututilia sahihi."

Nikamwambia sahihi ni kesho, nimeumwa kichwa ghafla. Akanipa pole, akaniletea maji.

2

Kuna mwiko kwetu: mjukuu haingii mwilini mwa bibi yake. Kumvaa bibi kwa utepe ni kama kumvua nguo. Kwa hiyo ushahidi wa Bibi Nyamizi, mama wa mama yangu, sikuwahi kuugusa. Nilijua ulichukuliwa na uko Ghala. Kila Alhamisi nikitoka semina hupitia kwake, naye huuliza swali lilelile, nami hujibu jibu lilelile bila kuwahi kwenda kuangalia.

"Leo wamenisikia?"

Alikuwa ukumbini anachambua mbaazi kwenye ungo. Nilizoea kusema, wamekusikia, Bibi. Safari hii nikakaa mkekani na kumwomba anieleze habari ya figa.

"Wewe si unafundisha hayo huko chuoni?"

"Nieleze kwa mdomo wako."

Akaniambia, wala haikumchukua muda. Shemeji yake aliitwa Shija. Alikuwa kijana wa utani, amekuja kula mahindi. "Wakamkata pale kwenye mkeka. Nikajua nami nitakufa au nitakimbia, na nikikimbia hatakuwepo wa kumzika. Sasa nimwache amelala na moto unawaka kama siku ya sherehe? Nikatoa figa. Hilo tu ndilo nililoweza kumfanyia."

Akaweka ungo chini, akanigeuzia viganja. Havina mstari hata mmoja, ni laini, vinang'aa.

"Mpiga ramli akija kwangu atakufa njaa," alisema na kucheka. Kisha cheko likamwishia. "Wale waliokuja na mashine waliniambia nikumbuke yote, hata kama yananiuma, maana yatakaa na jina langu. Nikakumbuka siku nzima. Nilirudi hapa nikalala wiki. Kwa nini unauliza, Kalunde? Wamesema si kweli?"

"Hapana, Bibi. Hakuna aliyesema hivyo."

"Basi leo wamenisikia?"

Nikaokota mbaazi zilizoanguka, moja moja, nikazirudisha kwenye ungo.

3

Profesa Lwitiko ni mkuu wa idara, mtu wa Ziwa, mpole hata akikufukuza kazi. Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta anamwagilia maua yake ya kwenye makopo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Naambiwa jana hukutia sahihi."

"Ushahidi ule si wa Bibi Ndimbumi. Ni wa bibi yangu. Umeibwa."

Nilitegemea ashtuke, nami nilijiandaa kwa mshtuko wake usiku kucha. Yeye alimalizia kopo la mwisho, akafuta mikono, akafunga mlango.

"Ni figa?" aliuliza.

"Ulijua?"

"Nilipouvaa nilijua. Nikasema Mungu wangu, mashine imeacha figa. Mimi ni wa Ziwa, Kalunde, mama yangu angenichapa kwa kuligusa. Nikaomba wewe usilione." Akaketi. "Kaa. Uliza utakacho."

Basi akanieleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupika chai. Kuna mashine Ghalani inaitwa Msawazishaji. Hupewa ushahidi wa kweli, kwa sababu mashine haiwezi kubuni maumivu. Ulijaribiwa wa kubuni na walimu wakaugundua kwa dakika moja, ulikuwa hauna harufu. Ushahidi wa kweli huchambuliwa kama nyuzi. Lugha hutolewa, ikawekwa nyingine. Sura za watu hubadilishwa, nguo, majina, milima ya nyuma ya nyumba inakuwa maji. Hofu huachwa ilivyo. Mikono pia huachwa ilivyo, kwa sababu ukibadili mikono anayevaa utepe hupata kizunguzungu na kuutoa. Kisha nyuzi hushonwa upya, na marehemu wa Mlima anazaliwa mtu wa Ziwa.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatutoshi." Alinitazama machoni kwa mara ya kwanza. "Tulikufa wachache kuliko nyinyi. Ndiyo siri yenyewe, na sasa unayo. Wachache sana. Sheria inataka sawa kwa sawa, nasi tuliishiwa marehemu mwaka wa nne. Ungefanyaje? Uwaambie watoto wa Ziwa kwamba wao ni wajukuu wa wauaji na basi? Wakae miaka mingapi wameinama kabla hawajachukua mapanga tena? Maumivu hayana kabila, binti yangu. Tumeyagawa tu."

"Mmegawa ya watu."

"Mavi ya kale hayanuki."

"Haya yananuka, Profesa. Nimeyanusa jana, nikiwa na wanafunzi kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa analia kwa furaha. La kuvunda halina ubani."

Nilisimama. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa na mambo ya kusema kuhusu wezi wa makaburi, na nadhani nilikuwa nimeanza kuyafurahia, maana hasira ya mwenye haki ni tamu. Profesa hakunikatiza. Alifungua mtoto wa meza, akatoa faili, akaliweka mbele yangu bila kulifungua.

"Ulidhani mizani ina upande mmoja?" alisema. "Sisi tuliishiwa marehemu. Nyinyi mliishiwa wema."

Ilinichukua muda kuelewa. Kisha nikaliona jina kwenye jalada, nikaketi. Lilikuwa la babu yangu, mume wa Bibi Nyamizi. Babu ndiye fahari ya ukoo wetu. Aliwaficha watu kumi na mmoja wa Ziwa darini kwa siku kumi na saba, akiwapitishia uji kwa kamba. Picha yake iko kwenye kitabu cha darasa la saba. Mimi niliingia chuo kwa nafasi maalumu ya wajukuu wa waokoaji, na tasnifu yangu niliiandika juu ya dari lile. Utepe wake hutolewa kwa watoto wa shule kila Siku ya Amani. Mwenyewe sikuuvaa, nilitumia maandishi yake, kwa heshima ya mwiko.

"Dari ni la fundi cherehani mmoja wa Ziwa," alisema Profesa taratibu. "Aliitwa Asegelile. Na waliojificha walikuwa watu wa Mlima. Mwaka ule tulikuwa na waokoaji sitini wa Ziwa na wanne wa kwenu. Upande wenye wauaji wengi huwa na waokoaji wengi pia, ndivyo inavyokuwa, palipo na panga ndipo penye mlango wa kufungwa. Msawazishaji akagawa. Babu yako alikuwa marehemu tayari, hawezi kukana; tukasema ulichukuliwa kabla hajafa, na umri ulilingana. Ikawa yeye."

"Unadanganya."

"Wajukuu wa Asegelile wanaishi mtaa wa nyuma ya soko. Hawajui kitu." Akasogeza fomu ya jana karibu na mkono wangu. "Leo saa tisa una kikao cha sahihi. Usipotia, ushahidi unafungwa. Na nafasi za Mlima za mwaka huu zimejaa, za mwakani zimejaa. Bibi yako hatasikika darasani kwa jina lake, si katika maisha yake. Atasikika kwa jina la Ndimbumi, au hatasikika kabisa. Na ukianza kupiga kelele juu ya figa, itabidi upige kelele juu ya dari pia. Fikiri, binti yangu. Unywe chai?"

Nilikunywa. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Alinimiminia chai ya tangawizi, nami nikainywa mpaka chini, huku nikitafuta njia ya kusema la figa na kunyamaza la dari. Niliitafuta kweli. Mtu aliyenitia kinyaa nusu saa kabla alikuwa ameketi mbele yangu, na mimi nilikuwa namwuliza kimoyomoyo kama hawezi kunisaidia kidogo.

4

Bibi alikuwa ameshakula mchana. Hakushangaa kuniona Ijumaa, au alishangaa akanyamaza.

"Bibi, Babu aliwaficha watu?"

Akashusha ncha ya kanga aliyojifunika.

"Babu yako alikuwa analinda kizuizi cha barabarani, cha kuwakamata watu wa Ziwa," alisema. "Pale njia panda ya kiwanda cha pareto. Alikuwa na rungu. Alikuwa anaondoka asubuhi kama mtu wa kazi na kurudi jioni anaomba maji ya kuoga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuja hapa umevaa shati jeupe, una barua mkononi. Ukasema Bibi, mashine imemwona Babu, aliokoa watu kumi na mmoja. Ukalia. Mama yako akalia, mwanangu ambaye hakuwa amemtaja baba yake miaka kumi na tano. Mimi nikasema moyoni, labda. Mashine ni kitu cha wasomi. Nikasema labda inajua kitu nisichokijua. Labda alikuwa na nyumba nyingine, na dari. Mwanamume huweza kuficha mengi. Kalunde, miaka kumi na minne nimekuwa nikimwomba radhi mtu yule kila nikisali. Namwambia nisamehe, nilikuona na damu kwenye viatu, kumbe macho yangu ndiyo yalikuwa mabaya."

Nimesoma habari za maiti kwa miaka tisa, nimezivaa, nimezitolea alama. Hakuna kilichowahi kunichafua kama sentensi ile. Walikuwa wamemwibia kilio chake, haya, hilo nililielewa. Lakini walikuwa wameingia hadi ndani ya macho yake na kumwambia hakuona, na aliyebeba ujumbe huo hadi mkekani kwake, na shati jeupe, alikuwa mimi.

Nilimwambia yote. Nilimwambia la Ndimbumi, la Asegelile, la fomu. Nilimwambia kwamba nikikataa, hatasikika tena mpaka afe.

"Kwa hiyo sikuwahi kusikika," alisema.

"Hapana, Bibi. Nilikuwa nakudanganya."

Alinyanyuka kwa shida, akaenda chumbani. Nilidhani amekwenda kulia. Alirudi amevaa viatu.

"Huko chuoni kuna viti?" aliuliza.

5

Saa tisa alasiri walikuwepo wote kumi na wawili. Kikao cha sahihi huwa kifupi: mwalimu anasoma jina la shahidi, anatia sahihi, wanafunzi wanapiga makofi mara moja na kutawanyika. Tunsume alikuwa amesuka, amevaa gauni la kwendea kanisani. Profesa Lwitiko alisimama karibu na mlango, maana alikuwa amesikia kwamba nimekuja na mtu.

"Toeni tepe," nilisema.

"Leo hatuvai?" aliuliza Elikana.

"Leo mtasikiliza kwa masikio."

Nilianza na langu. Niliona ndiyo njia pekee ya kutojipa ujanja wa kuliruka. Nikawaambia kwamba babu yangu hakuficha mtu, alisimama kizuizini na rungu, na dari walilolivaa walipokuwa darasa la saba lilikuwa la fundi cherehani wa Ziwa aitwaye Asegelile. Nikawaambia jinsi Msawazishaji anavyofanya kazi. Kisha nikawaambia la figa, na hapo nilimtazama Tunsume, kwa sababu kutomtazama kungekuwa wizi mwingine.

Hakulia. Uso wake ulikauka.

"Usininyang'anye, Mwalimu," alisema.

"Tunsume—"

"Nimekuwa naye kwa dakika ishirini na mbili tu. Nyinyi wa Mlima mna maghala na maghala. Mna kila kitu! Hiki kimoja mnakitaka cha nini?"

"Kalunde," alisema Profesa kutoka mlangoni, kwa upole uleule, "unaona unachokifanya?"

Nilikiona. Vijana wawili wa Ziwa walikuwa wamekwisha simama, na wa Mlima mmoja alikuwa anawatazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona katika chumba kile. Sina hakika hata leo kama Profesa alikosea kuhusu amani. Nina hakika tu kwamba nilikuwa nimeinywa chai yake.

Bibi Nyamizi alikuwa ameketi mstari wa nyuma, karibu na ndoo ya bluu. Akainuka, akapita katikati ya meza akishika migongo ya viti, mpaka kwa Tunsume. Akamgeuzia viganja, kama alivyonigeuzia mimi.

"Hivi ni vyangu, mjukuu wangu," alisema. "Nisamehe. Ningekuwa na viwili viwili ningekuachia. Lakini aliyelala pale ni Shija, na nikikupa wewe, Shija anabaki hana mtu."

Tunsume aliitazama ile ngozi. Alikuwa ameibeba mwenyewe siku iliyotangulia, kwa theluthi. Akanyoosha kidole, akagusa, akaurudisha mkono wake haraka.

"Sasa wangu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa, "wangu hana kitu."

"Aliitwa nani?"

"Ndimbumi."

"Nieleze habari zake."

"Sijui habari zake! Hakuwa anazungumza. Alikuwa ananuna, anafunga milango, hakuna aliyemuuliza. Wale wa mashine walikuja akakataa kuwafungulia; nilidhani walirudi baadaye."

"Sikukuuliza aliyosema. Uliishi naye. Alikuwaje?"

Elikana alikuwa ameinamia meza. Tunsume alifikiri, nami nilitamani kumsaidia na sikuwa na la kumsaidia.

"Alikuwa anakula amesimama," alisema mwishowe. "Siku zote. Hata Krismasi. Tulimwekea kiti, Baba alikasirika mara moja akamshika mabega amkalishe, akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Anasimama pale mlangoni, sahani mkononi, anatazama nje, anakula."

"Kwa nini?" aliuliza Bibi.

"Hakusema."

"Wala hamkujua?"

"Hatukujua."

Bibi Nyamizi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba wa nyumba ya jirani, akavuta kiti na kuketi kando yake.

Niliichukua fomu. Nilikata jina la kijiji, nikakata dakika ishirini na mbili, nikakata kila kitu Ghala lilichokuwa limechapa isipokuwa jina la shahidi. Chini yake nikaandika kwa mkono: Alikula amesimama mpaka alipokufa. Sababu haijulikani. Nikamsomea Tunsume, nikamuuliza kama ndivyo.

"Ongeza mlangoni," alisema. "Andika akiwa mlangoni."

Nikaongeza. Kisha nikatia sahihi, mimi Kalunde, mjukuu wa mtu wa kizuizi, kwa upande wa pili. Nikampelekea Profesa pale aliposimama. Aliisoma mara mbili.

"Hii mashine haitaweza kuipima," alisema.

"Najua," nilisema, nikarudi darasani. Yule kijana wa Ziwa aliyekuwa amesimama alikuwa ameinua mkono, anasema kwao kuna mjomba ambaye hajawahi kuvaa mkanda wa suruali tangu vita, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.